Mtoto Yuko na Nani

Ofisini kwetu Westlands tunaiga moto ndani ya kompyuta. Jengo linawaka, vidoti vya watu vinakimbilia ngazi, nasi tunatazama kama wote watatoka. Lakini kwanza lazima kompyuta iambiwe mtu ni nini, mlango ni nini, na nani ana uhusiano gani na nani. Mpango huo wa maarifa huitwa ontolojia. Wetu niliuandika mimi, na sikutaka mtu auguse. Mtoto, niliandika, yuko na mzazi wake. Kengele ikilia wanashuka pamoja. Nani angebisha?

Tulianza na jengo ninaloishi, Kileleshwa. Kwenye kompyuta tulitoka sote bila matata. Kamati ya wapangaji ikaitisha zoezi la kweli, asubuhi moja shule zikiwa zimefungwa, nami nikabaki nyumbani.

Kengele ilipolia, binti yangu alikuwa ghorofa ya juu kwa jirani. Dada wetu wa kazi alikuwa amemwacha huko akaenda dukani. Nilijua ni zoezi tu, lakini moyo haukujua. Nilipanda huku watu wakishuka, nikiwapiga vikumbo, nikagonga mlango wa jirani, kumbe ndani hamna mtu. Nikawa wa mwisho kutoka.

Nilimkuta kwenye nyasi, mgongoni kwa dada wa kazi wa jirani, msichana ambaye sikuwahi kumwambia zaidi ya "sasa" kwenye lifti.

"Tulia, madam, ako sawa," aliniambia.

"Mami, ulikuwa wapi?" binti yangu akauliza. "Sisi tulishuka kitambo."

Nilirudi kazini na hasira, nisijue nimkasirikie nani. Nikafuta ule uhusiano. Kulea ni zamu, nikaandika. Asubuhi ni huyu, mchana ni yule, jioni ni mimi. Kisha, kwa uchungu, nikaongeza kuwa mzazi asiyemwona mtoto wake hupanda kumtafuta. Tukawasha moto tena. Wazazi walipanda, ngazi zikaziba, na wengi hawakutoka.

Hilo kompyuta isingeweza kunirekebishia. Jioni nilibisha hodi kwa jirani, nikamwomba yule dada: aliye na mtoto ashuke naye, asinisubiri. Nami sitapanda.

Zoezi la pili, binti yangu akiwa tena kwa jirani, nilishuka peke yangu. Kila ghorofa miguu ilitaka kugeuka. Nje sikumwona. Nilisimama kwenye nyasi, na sikurudi ndani, hadi yule dada akatokea mlangoni, binti yangu mgongoni akinipungia mkono.

"Mami," alisema, "leo umetushinda."