Ndege Ambaye Sikumsikia

Niliporudi kwa baba yangu Migwani, baada ya miaka sita ya ndoa kule Nunguni, nilimkuta amekuwa kiziwi. Hakuna aliyekuwa ameniandikia. Nilipiga hodi mara tatu nikiwa nyuma yake uani, naye akaendelea kupukuchua mahindi mpaka kivuli changu kilipoangukia ungo wake. Akageuka. Alitazama sanduku langu la bati, akatazama mgongo wangu, akaona sikubeba mtoto.

"Karibu, mwaitu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni mama yangu. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo ameniita hivyo tangu nizaliwe. Mama aliyenizaa alikuwa amefariki nikiwa darasa la tano, na kaka yangu alikuwa bandarini Mombasa, akija Krismasi moja na kuruka mbili. Basi tukawa wawili katika nyumba ile, mmoja hasikii na mwingine hana la kusema. Mume wangu alikuwa ameoa mke wa pili kwa sababu sikuzaa. Habari hiyo niliimaliza kwa kuonyesha vidole viwili, na baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa zaidi ya nilivyotaka.

Kabla ya kuzeeka, baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyezunguka Ukambani akichunguza ndege. Mzungu alikuwa na darubini, lakini masikio yalikuwa ya baba. Alikuwa akisimamisha gari njiani, anazima injini, na kusema ni ndege gani anayelia na yuko upande gani. Mzungu alipoondoka nchini alimwachia kitabu kikubwa cha ndege, chenye jalada gumu la kitambaa, kizito hata ukikisoma lazima ukilaze mezani. Kila ukurasa wa pili ulikuwa na picha za rangi: hondohondo na midomo yao, kwale na kanga, njiwa wa kila aina wamepangwa kama watu kwenye picha ya harusi. Maandishi yalikuwa Kiingereza, ambacho baba alikisoma kwa shida. Lakini picha alizijua zote, na kando ya kila ndege aliyewahi kumsikia alikuwa ametia alama ndogo kwa penseli.

Asubuhi ya pili tangu nirudi, aliniwekea kitabu kile mbele, kando ya kikombe changu cha chai.

"Nani ameamka?" akauliza.

Sikuelewa. Akaonyesha masikio yake, akaonyesha nje, akaonyesha kitabu. Alitaka nisikilize, kisha nimwonyeshe kwenye picha ni ndege gani anayelia.

Mimi sikujua ndege. Nilijua kuku. Ilinibidi nitoke nje, nifuate sauti hadi kwenye mti, nimtazame mwenye sauti, nirudi mbio kabla sijasahau rangi zake, kisha nifunue kurasa moja moja. Nilipoweka kidole penye picha, baba aliinama, akatabasamu, na wakati mwingine akaiga sauti ya yule ndege kwa mluzi ambao yeye mwenyewe hakuusikia. Yakawa ndiyo mazungumzo yetu. Yaliyobaki ya siku yalikuwa kuchota maji kwenye mchanga wa mto, kuchunga mbuzi wanne, na kukaa. Kanisani akina mama walinisalimu vizuri, kisha wakageuka kuongea juu ya watoto wao.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa akitazama mawingu. Jumamosi moja sokoni nilikutana na mwanamke aliyetoka Nunguni. Aliniambia kwa upole kwamba mke mwenzangu amejifungua mtoto wa kiume. Nikamwambia ni vizuri. Nilinunua chumvi nikarudi nyumbani.

Asubuhi yake sikutaka kuamka. Baba aliita mara mbili. Nilipokaa mezani nilikuwa na macho mazito, na sikuwa nimesikia kitu chochote wala sikuwa nimetoka nje.

"Nani ameamka?"

Nilifungua kitabu mahali kilipofunguka chenyewe, nikaweka kidole. Alikuwa ni ndege wa mvua, yule mwenye mgongo wa kijivu na kifua cha rangi ya kutu, anayeimba sauti tatu zikishuka mvua inapokaribia. Ukurasa huo ndio uliofunguliwa sana kuliko zote, uzi wake ulikuwa umelegea.

Uso wa baba ulibadilika. "Wapi?"

Nilinyoosha mkono upande wa mto.

Nilichukua mtungi nikaenda zangu kuchota maji. Niliporudi baada ya saa mbili, nilimkuta shambani na jembe, na kibuyu cha mbegu kiko chini. Alikuwa akipanda pojo na mtama kwenye vumbi, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakiwa na hakika kwamba mvua iko njiani. Nilisimama na mtungi kichwani. Ningeweza kumshika mkono wakati ule. Nilijiambia kwamba mvua itanyesha wiki hii, hakuna ubaya.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi jirani yetu mmoja tu, mjane aliyelima peke yake. Baba alimwona, akampigia kelele. "Ndege wa mvua ameimba kule mtoni! Binti yangu amemsikia."

Yule mama akanitazama mimi. "Ni kweli?"

"Ndiyo," nikasema.

Baba nilikuwa nimemdanganya kwa kidole. Huyu nilimdanganya kwa mdomo, na alikuwa mtu anayesikia.

Naye akapanda. Siku ya nne kulinyesha manyunyu ya kulowesha vumbi tu, mbegu zikachipua kijani kidogo. Kisha jua likarudi. Wiki mbili tulitazama ile miche ikinyauka, na iliyobaki kwale wakaifukua. Baba hakulalamika. Alikaa kizingitini akitazama upande wa mto, kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa. Nilipomwona anakinga mkono wake nyuma ya sikio, ingawa halikuwa na kazi tena, nilishindwa kuvumilia.

Kiziwi huwezi kumnong'onezea. Nilipiga magoti kando yake, nikaweka mdomo kwenye sikio lake na kupaza sauti, "Nilikudanganya. Sikumsikia ndege. Sikusikia kitu."

"Nini?"

Nikarudia kwa nguvu zangu zote. Safari hii alisikia. Na ng'ambo ya minyaa jembe la jirani likanyamaza.

Baba aliondoa mkono sikioni. Kisha akasema, "Kama hujasikia kitu, niambie hakuna. Hakuna nayo ni habari."

Aliingia ndani, akafunga kitabu, akakiweka juu ya kabati.

Jirani alikuja hadi kwenye ua. Nilidhani atanitukana. "Sikumsikia huyo ndege," akasema, "na masikio ninayo. Nilipanda kwa sababu nilitaka iwe kweli." Akarudi kwake. Jumapili ile kanisani alihamia benchi lingine, na mimi nikakaa peke yangu.

Kwa muda wa wiki tatu baba hakuniuliza nani ameamka. Alikunywa chai, akachukua fimbo, akaenda na mbuzi. Sijawahi kukaa katika kimya cha namna ile, hata Nunguni, nilipokuwa nikilala chumba kimoja na mtu asiyenisemesha. Asubuhi nilianza kutoka bila kutumwa. Nilijifunza njiwa watatu ambao kabla nilidhani ni mmoja. Sikumwambia.

Kisha asubuhi moja nilisikia sauti tatu zikishuka, upande wa mto. Nilisubiri. Zikarudi. Nikateremsha kitabu, nikakifungua, nikaweka kidole.

Baba alitazama picha, akanitazama mimi. "Nenda umtafute. Uje uniambie kifua chake kina rangi gani."

"Iko hapa kwenye kitabu," nikapaza sauti.

"Si cha kitabuni. Chake."

Nilienda. Ndege huyo hapendi kuonekana. Anaimba kwenye mti huu, ukifika yuko kwenye ule. Nilichanwa na miiba mpaka jua likawa utosini, ndipo nilipomwona juu kwenye mgunga, ameinua kichwa. Niliporudi nilimwambia baba kwamba rangi ni ya kutu, lakini imefifia kuliko ya kitabuni, na tumboni ana michirizi.

"Sasa nimesikia," akasema.

Alitoa kibuyu cha pili chini ya kitanda. Hakuwa amepanda mbegu zote; hajawahi kupanda zote kwa ndege mmoja, alisema. Akagawa mbegu zile mafungu mawili na kunituma kwa jirani.

Yule mama alizipokea kwa upande wa kanga yake. "Safari hii amesikiwa na nani?"

"Nimemwona kwa macho."

"Haya," akasema, akaingia kuchukua jembe.

Mvua ilinyesha siku ya sita. Mavuno hayakuwa mengi, lakini tulikula.

Baba aliishi miaka mitatu zaidi. Karibu na mwisho macho nayo yalimpotea, na kitabu hakikutufaa tena. Nikawa ninamshika tu mkono, naye akiuliza kama ni asubuhi. Tulipomzika, kaka yangu alikuja na kusema shamba litakodishwa. Mimi nikapata kazi ya kufundisha chekechea mjini Wote. Nilibeba sanduku langu la bati, kitabu nikakifunga kwa shuka. Jirani alinisindikiza hadi barabarani.

Chumba nilichopanga kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa mashine ya kusaga unga. Ilianza kunguruma alfajiri na kunyamaza jioni. Nilikaa humo miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi, kama baba angeniuliza nani ameamka, ningemwambia hakuna.