Mbuzi Aliyevaa Koti la Mzee wa Kanisa

Siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu niliiharibu mimi mwenyewe. Nilisimama mbele ya shule nzima, nikamwambia mwandishi wa vitabu aliyetutembelea kwamba ni mwizi. Ndiyo, mwizi. Nilitaka watu wacheke, na walicheka.

Kaa nikueleze, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa wewe uko darasa la tatu na mimi la saba, na fimbo ya mwalimu mkuu bado inanijua kwa jina. Wazee wa hapa Mtae wakitaka kumwonya mtu huanzia kwenye ujana wao. Wangu uliisha Ijumaa iliyopita, kwa hiyo nina haki.

Kwanza umjue kaka yangu Elia. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe, vijana walitakiwa washuke nyikani wakafyeke pori la kijiji kipya cha ujamaa, naye akajiandikisha wa kwanza. Ukisimama nyuma ya vyoo vya shule yetu unaiona nyika yote kule chini, bapa kama chapati. Nilikuwa nikienda pale kumpungia mkono. Usicheke. Hata mwaka huu nimempungia, nikijifanya najinyoosha mabega. Nyumbani jembe lake bado linaning'inia ukutani, na Mama akipakua makande hunigombeza: "Punguza ulafi, Elia akirudi atakuta sufuria tupu." Atarudi mvua zikipungua. Atarudi baada ya mavuno. Barua hazikuja, lakini barabara yetu unaijua. Hata basi lenyewe likifika watu hulishangilia.

Sasa kile kitabu. Unakijua, tumekisoma wote, kile chenye mtoto mtukutu anayemvisha mbuzi koti la mzee wa kanisa, mbuzi akaingia ibadani na watu wakasimama kwa heshima. Mimi nilifanya hayo hayo kabla sijaanza shule. Nilichapwa na ukoo mzima, kwa zamu. Basi tangu kitabu kifike hapa natamba kwamba yule mtoto ni mimi, na hakuna aliyewahi kunisadiki.

Ijumaa mwandishi akaja. Mama mmoja mpole, mwalimu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Watoto wakamwuliza maswali ya adabu. Hadithi unazitoa wapi? Akasema anazitoa kwa watu aliowapenda. Unaandika asubuhi au jioni? Akasema akishapika. Mama yangu alikuwa mlangoni na birika la chai, maana ilikuwa zamu yake kuhudumia wageni wa shule. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, ndugu mwandishi. Unyonyaji si umekatazwa? Yule mtoto wa mbuzi na koti ni mimi. Umeniiba mzima mzima!"

Shule ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama anayetafuta sura ya mtu mwingine usoni mwangu.

"Koti lilikuwa la rangi gani?" akaniuliza.

"Kijivu. Mfuko mmoja mbuzi aliutafuna."

"Basi wewe ndiye Yona."

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina langu. "Nani kakwambia?"

"Kaka yako. Nilikuwa nafundisha kule nyikani. Jioni alikuwa akitusimulia vituko vyako, tunacheka mpaka..." Hapo macho yake yakamfikia Mama pale mlangoni.

"Elia? Umemwona Elia? Anarudi lini?"

Wenzangu wakazidi kucheka. Walidhani bado nawachekesha. Hiyo ndiyo taabu ya kazi yangu, mwanangu: siku unayouliza kwa moyo wako wote, watu wanashika mbavu. "Mwambie aje na mbuzi mwingine!" akapiga kelele Shabani, rafiki yangu, kutoka nyuma.

Mwandishi akavua miwani. Mama akaliweka birika sakafuni polepole, akatoka nje. Hapo nikajua. Habari za homa, na za mahali walipomzika, nilizisikia baadaye.

Nasaha yangu ni hii. Hadithi ukiipenda, cheka nayo, isome mpaka kurasa ziachane. Ila ukitaka kumwuliza mwandishi mwenyewe aliitoa wapi, mwulize kwa sauti ndogo, na uwe umekaa. Usimwulize ili watu wacheke. Huenda alimsikia mtu akicheka, mtu huyo akafa, na kilichobaki ni kile kicheko tu. Kitabu kile sasa siwezi kukifungua. Nimetafuta cha kuchekesha katika jambo hili tangu Ijumaa. Sijakipata, na nimeacha kutafuta. Mungu akupe kaka wa kukupiga makofi kila siku, mpaka mzeeke wote wawili.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni anachambua maharage. Nikamwuliza amejua tangu lini. Hakuinua kichwa. Alisema kwa Kishambaa, nami nakusimulia kwa Kiswahili bila kupunguza neno:

"Tangu mwaka ule ule wa homa. Yule mwalimu alipanda mpaka hapa kuniambia, nikamwomba asimwambie mtu. Mimi nilikwisha acha kumsubiri, mwanangu. Nilitaka abaki mtu mmoja humu ndani anayemsubiri."