Mazishi Ukutani

Siku hizi za soko huria kila kitu kinatufikia. Jumapili tumeonyeshwa sinema bubu katika ukumbi wa kanisa hapa Dodoma, na kwaya yetu, kinanda na mazeze ndiyo yaliyoisemea.

"Tulieni jamani, tunaimba kwa kufuata picha," mwalimu wa kwaya alituomba.

Mzee mmoja kwenye picha akafa. Kwaya ikaanza wimbo wa mazishi, nasi sote tukasimama. Vivuli vya vichwa vyetu vikajaa ukutani.

"Kaeni! Sioni picha!" mwalimu akapaza sauti.

Bibi mwenzangu wa Nzuguni akamjibu, "Mwanangu, maiti haipiti watu wamekaa."

Tulipokaa, mjane kwenye picha alikuwa keshavaa shela la harusi, na kwaya bado inamzika mumewe. Wajane wa haraka nimewaona, lakini yule hakungoja hata ubeti wa pili.