Arvilla Hafumbi Macho

Kliniki ya Mtaa wa Linn ilifungwa Oktoba, lakini Februari watu tisa walikuwa bado wanasimama mbele yake kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukungu, na mabango yao ya kupinga utoaji mimba. Walikuwa wamesimama hapo miaka kumi na minne. Walichokidai walikipata, ila hakuna aliyekuwa amefikiria baada ya hapo Jumamosi zitakuwa za nini.

Wanane walikuwa Wakatoliki. Wa tisa alikuwa Arvilla Tjaden, mjane wa miaka sitini na sita, asiyeamini Mungu, malaika, wala utabiri wa hali ya hewa. Bango lake aliliandika mwenyewe: SINA DINI, NA BADO NAPINGA. Wapiga picha wa magazeti walilipenda. Wenzake walilivumilia kama watu wanavyomvumilia mkwe.

Msimamo wake aliupata kazini. Miaka ishirini na miwili alimulika mayai katika chumba cha giza, kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga nje ya mji. Yai ukiliweka juu ya taa linawaka jekundu; siku ya nne unaona mishipa kama miguu ya buibui, na katikati nukta inayodunda. Lisilodunda unalitupa. Arvilla hakuona kwa nini ahitaji kitabu kitakatifu ili ajue tofauti.

"Na mayai bado unakula," Virgil Steffes, mmoja wa wale wanane, humchokoza kila Jumamosi.

"Ya dukani hayajui jogoo, Virgil. Muulize mkeo, hali hiyo anaifahamu."

Bernadine, mkewe Virgil, ndiye hucheka hadi kushika kiuno. Ndiye aliyemletea Arvilla supu kila siku wakati mume wa Arvilla alipokuwa anakufa, na kwa miaka tisa amemwombea aongoke, waziwazi, kwa jina.

"Siku ukiona kitu usichoweza kukieleza, utaniambia?" alimuuliza wakati fulani.

"Nitakwambia." Arvilla hasemi uongo. Ndiyo dini pekee aliyobaki nayo, na ni ngumu kuliko anavyodhani padri.

Basi, wenzake wanaposali rozari wanafumba macho, na Arvilla analinda mikoba na chupa ya kahawa. Ndivyo alivyoona yeye peke yake. Wanane walipoinamisha vichwa, dirisha la juu la kliniki liliwaka. Waliposema amina, likazima. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Ya tatu, vilevile tena.

Wiki hizo tatu hakumwambia mtu. Akisema, atakuwa mwongofu wa Bernadine, atapigiwa makofi kanisani. Asiposema, atakuwa mwongo.

Virgil alikuwa amepewa kazi ya kupaka rangi jengo lile. "Nipe ufunguo," Arvilla akamwambia Jumamosi ya nne, amina ikiwa bado midomoni mwao.

"Unaenda kuiba nini, mama? Hata umeme walikata Novemba."

Vumbi la ngazi halikuwa na alama ya kiatu ila alizoacha yeye. Chumba cha juu kilikuwa kitupu. Sakafuni, chini ya dirisha, ilisimama taa ya shingo ndefu, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Arvilla akaigusa balbu. Ikamuunguza.

Alishuka akamwonyesha Bernadine kidole chenye lengelenge, akasimulia yote. Bernadine hakushangilia. Alikishika kile kidole kwa muda mrefu, uso umempauka.

"Ni ishara," akanong'ona.

"Ni taa. Sijui zaidi ya hapo."

Jumamosi iliyofuata walikuja watu arobaini. Rozari ikaanza, na hakuna hata mmoja aliyefumba macho. Wote walilikodolea dirisha macho, midomo ikienda yenyewe, wakipotea katikati ya Salamu Maria. Dirisha likabaki jeusi.

"Labda inataka watu waliofumba," Bernadine akasema.

"Fumba wewe basi," mumewe akamjibu, naye hakufumba. Hakuna aliyekubali kukosa kuona.

"Mko arobaini, na jaribio dogo linawashinda," Arvilla akasema. "Shikeni mikoba yenu." Akaweka bango chini, akafumba macho, mara ya kwanza mahali pale.

Alitarajia giza, kwa kuwa jua halikuwapo. Lakini kope zake ziliwaka taratibu, nyekundu, kama taa imewekwa nyuma ya kope hizo, karibu sana. Akaiona mishipa yake mwenyewe, myembamba, imetawanyika. Mahali fulani katikati palikuwa panadunda. Alisimama kimya kabisa, kwa sababu alijua kinachofanywa na mmulikaji wa mayai baada ya kutazama.

Mwanga ukaondoka. Alipofumbua, watu arobaini walikuwa bado wanatazama juu, kwenye dirisha jeusi.

"Hakuna kitu," Virgil akasema.

Bernadine peke yake alikuwa anamtazama yeye. "Arvilla? Umeona nini, mpenzi?"

Alikuwa ameahidi.

"Nimemulikwa, na nimepita," akasema, na akaomba kahawa.