Maji Yaliyopasua Jiwe la Kilibula

Mashine ya maji ndiyo iliyotaka kuninyang'anya mume. Yeye alikuwa mponda mawe: nyundo mkononi, mgongo juani, kutwa nzima. Miezi michache baada ya uhuru, shefu wetu mpya akaileta mashine hiyo Kilibula, akahutubia saa nzima kwamba nyundo ni mambo ya ukoloni. Watu huru watapasua mawe kwa maji.

Pampu ikanguruma, mpira wa maji ukavimba kama shingo ya shefu mwenyewe, maji yakatoka kwa kasi yakiwa yamebeba gololi za chuma. Jiwe lililoziba barabara likapasuka. Mume wangu akabaki mdomo wazi. Gololi zilikwisha siku hiyo hiyo, kuku wakaanza kutaga ndani ya mashine, naye akarudia nyundo yake. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwingia kichwani.

Miaka ikapita, waasi wakaingia mji wetu wa Uvira na munganga wao, aliyewanyunyizia watu maji ili risasi zisiwapate. Mume wangu akawa wa kwanza kutaka kujiandikisha.

"Baba, utakufa," nikamwambia.

"Mama, minye nilionaka na macho yangu: maji inapasula jiwe. Risasi iko nini mbele ya jiwe?"

"Ile maji ilikuwa na pampu na vyuma! Ya huyu muzee iko na pampu?"

"Weye haujue mambo ya ufundi."

Mimi, niliyemkanda mgongo kila jioni! Nikaacha ubishi. Munganga alikuwa na masharti chungu nzima, na kubwa lao ni hili: aliyenyunyiziwa akiguswa na mwanamke, maji yanapoteza nguvu. Asubuhi, walipokwisha kunyunyiziwa na walipokuwa wanapanda lori kwenda vitani, nilipenya umati nikamkumbatia mume wangu mbele ya kila mtu. Munganga akapiga kelele. Ndoo yake ya maji ya dawa ilikuwa tupu, na ziwa zima lililokuwa hatua hamsini tu eti halikufaa. Lori likaondoka bila mume wangu.

Alininunia wiki nzima kwa kumwaibisha. Kisha habari ikafika: katika wale wa mtaa wetu, hakurudi hata mmoja. Wake zao walikuwa wanalia barabarani, nami nikatoka kulia nao. Nililia kwa sauti kuliko wote, maana niliogopa wangeiona furaha yangu.