Siku Mama Mkwe Alipozunguka Nyumba na Saa Mkononi

Nasema hili nikiwa nimeinamisha uso: mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto watatu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba saa za kisasa zinachajiwa na damu ya mvaaji. Jamaa niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyenifunulia siri hiyo. "Huonangi ile taa ya kijani huko chini ya saa? Hiyo ndiyo mdomo. Inanyonya!" Na kwa kuwa wiki hiyo tulikuwa tumesoma mzunguko wa damu, nikaona mambo yameungana vizuri kabisa, sikuuliza swali.

Basi mama mkwe wangu kule Kabras ana presha, na bintiye aliye ng'ambo akamtumia saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Ilifanya kazi siku nne, ikazima. Wakaiweka kwenye chaja kutwa nzima, kimya. Jumapili, baada ya kanisa, nikaitwa mimi na mke wangu Nanjala. Mama alikuwa amesema, "Huyo msomi aiangalie kwanza, akishindwa tuipeleke Bukura kwa mkwe mwingine." Huyo mwingine alisoma mchana, chuo kizima, na kila nikienda ukweni hutajwa kabla sijameza tonge la kwanza. Nikaapa saa ile haitafika Bukura.

Sasa, mila zetu mnazijua: mkwe hampi mama mkwe mkono, hakai naye chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia kwenye miwa. Kitu kilichotoka mkononi mwake kiingie mkononi mwangu? Haiwezekani! Kwa hiyo nikaketi nje upande wa jikoni, yeye akakaa sebuleni, Nanjala akasimama mlangoni akipeleka maneno kama posta.

"Muulize kama imebana mkono."

"Anasema imebana."

"Na mkono uko baridi?"

"Anasema uko baridi kidogo."

Nikapiga paja. "Damu imelala! Mwambie azunguke nyumba mbio mbio mara kumi, itawaka."

"Baba Mercy, una uhakika?"

"Hapa nani alisoma bayolojia?"

Mama akatoka, leso kiunoni, saa mkononi, mbio kama anawahi basi la Mumias (presha yenyewe ilibaki nyuma). Jambo moja halikunijia akilini: mtu akizunguka nyumba, atanikuta nilipokaa. Leso ilipochungulia konani mila ikaniinua, nikatimka mbele. Nikifika kona ya pili nataka kupumua, huyo anatokea! Nikapita katikati ya turubai la mahindi yaliyoanikwa, kuku wakaruka wakatua Buyangu, suruali yangu ya kanisani ikapasuka kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka Lugari. Kwa mpita njia, picha ilikuwa moja tu: mama mkwe anamkimbiza mkwewe.

"Mama, ameiba nini?" mkata miwa mmoja akapaza sauti kutoka barabarani.

"Ni ingokho, ameiba kuku! Angalia manyoya kwa shati!" mwenzake akamjibu, na uani kukajaa watu, wengine wameshika fimbo.

"Mwacheni, ni daktari wa saa!" Nanjala akawapigia kelele, amekaa chini, anacheka mpaka machozi.

Mama akasimama, akahema, akaitazama saa: giza. Mimi nimejibanza nyuma ya choo, nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, na bado (udadisi ni ugonjwa) najiuliza kama damu ya presha si nzito mno kwa mdomo mdogo vile.

Saa haikufika Bukura, nashukuru. Ni habari yangu ndiyo iliyofika, kabla hata jua halijatua. Tangu hapo nimeapa sitatibu tena kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Aliyeiponya saa ni mama mwenyewe. Aliivua afute jasho, akaigeuza, kisha akaongea nami bila posta, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa yetu, sauti ikipita juu ya choo:

"Mkwe, hii kitu iko na karatasi ya nailoni kwa mgongo, ile ya dukani. Jasho imeibandua. Hiyo ndiyo ilikuwa inazuia chaja. Saa inachajiwanga na stima."