Bafta Nyeupe Mlangoni kwa Popo

Popo hakuwa na makuu. Alitaka aachwe afie nyumbani kwake, basi. Popo ndivyo Wakantoni wanavyomwita bibi kizee, na kichochoro kizima kilimwita hivyo, nami nikafuata.

Nyumba yenyewe ilikuwa Liwan, mjini Guangzhou, Kantoni ya kale, nyuma kidogo ya Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla ambako Waafrika tulipigana vikumbo na mikokoteni tangu alfajiri. Aliijenga mfanyabiashara wa chai, enzi zile merikebu za Wazungu zilipokuja kununua chai hapo hapo. Ilikuwa na mlango wa magogo yaliyolazwa, unausukuma kando, na vioo vya rangi, na ua katikati unaoingiza mvua. Wakazi wengine walikuwa wamekwisha kuondoka mmoja mmoja. Alibaki yeye na vyumba viwili vya nyuma, na jiko, na picha ya marehemu mumewe juu ya rafu pamoja na udi wake. Nje ukutani mtu alikuwa amepaka herufi moja kubwa nyekundu ndani ya duara. Miaka ile mji mzima ulikuwa na herufi hiyo. Maana yake ni bomoa.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udhamini, nasomea uhandisi wa maji, na siku nisizokuwa na vipindi niliwatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani. Sikwenda kwa Popo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Nilikwenda kwa upweke. Guangzhou ilijaa watu na winchi, na Jumapili nilikuwa sina mtu wa kumwambia hata kwamba kichwa kinaniuma. Bwenini kwetu kulikuwa na binti wa Kichina aliyesoma historia, mwembamba, mbishi, na yeye ndiye aliyekusanya wanafunzi wa kujitolea kuipigania ile nyumba. Alinialika mara moja. Popo akanipa bakuli la supu ya mizizi ya yungiyungi, nikawa wa hapo.

Popo alizoea Kikantoni; Kichina chake cha shule, kile cha Beijing, kilikuwa cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alikuwa akinifinya mkono na kulalamika kwamba sina nyama. Nilikuwa nazo nyingi, ila kwake mtu asiyeshiba supu yake alikuwa mgonjwa. Nje mashine zilikuwa zikitwanga kuta za jirani mchana kutwa, vumbi likaingia mpaka kwenye supu, na yeye akafunika sufuria kwa sahani na kuendelea kusimulia jinsi alivyoletwa hapo akiwa bibi harusi. Kuna siku alikatiza hadithi katikati. Akaniambia wakimpeleka ghorofani, juu huko kwenye lifti, hatamaliza mwaka.

Mpango wa binti wa historia ulikuwa huu: Jumamosi moja tuifungue nyumba kwa watu wote, kila mmoja wetu akiwa amevaa mavazi ya wakati wa yule mfanyabiashara wa chai. Waandishi wa habari waalikwe. Watu wakiona nyumba bado ina uhai, huenda wakubwa wakasita. Mavazi tushone wenyewe, kwa sababu hatukuwa na fedha za kukodi, na kwa sababu yale ya kununua, alisema, yanang'aa kama karatasi za peremende. Wenzangu walishonea jikoni kwa Popo, kwenye cherehani yake ya miguu. Mmoja alitengeneza kanzu ndefu kwa kitambaa cha bitana, mwingine akageuza pazia la bwenini kuwa sketi ya mke wa tajiri. Walikuwa wakichekana. Popo akawakosoa kola zao mpaka wakachoka.

Halafu ikaja zamu yangu. Binti wa historia alinionyesha mchoro wa zamani: Mreno mnene anatembea, na nyuma yake mtu mweusi amemshikia mwavuli. Akasema watu wetu walikuwapo hapa wakati ule, watumishi wa Wareno, na kwamba hii ni historia, si tusi. Kwa hiyo mimi nishone nguo ya pamba nzito, ya buluu iliyokoza kabisa.

Nilimwambia sivai kaniki.

Hakuelewa, na angejuaje? Kwetu Pangani, nyumbani kwa bibi yangu, kaniki haikuvuka kizingiti. Bibi alikuwa mjukuu wa mwanamke aliyenunuliwa sokoni, na jambo aliloambiwa tangu utotoni ni kwamba huyo mwanamke, siku aliyoachwa huru, kabla hata ya kula, aliivua kaniki akaitupa mtoni, akatafuta kipande cha nguo nyeupe akajifunga. Nyeupe kwetu ni Ijumaa. Ni Idi, ni bibi akitoka kuswali amejitanda, ni mtu asiye na bwana. Nikasema kama ni kuvaa vya kale nitavaa vya mtu huru, hata kama hakuna mwanamke huru wa Pangani aliyewahi kufika Kantoni kunywa chai. Uongo huo niliuona mdogo kuliko kushika mwavuli.

Nikaenda soko la vitambaa nikanunua bafta nyeupe. Sikushonea jikoni kwa Popo na wenzangu, nilikuwa nimenuna. Nilishonea kitandani kwangu kwa mkono, pindo kwa pindo, kwa hasira, na kwa kweli nilishona vizuri. Vipande viwili, kimoja cha kujifunga kifuani, kimoja cha kujitanda kichwani mpaka mabegani.

Dada mmoja wa Moshi niliyekuwa nikimtafsiria kule Zhanqian Road, mwuza nguo za watoto, aliiona bafta ndani ya mfuko wangu tukiwa katikati ya kupatana bei.

"Mdogo wangu, hiyo ya nini? Unakwenda sherehe au unakwenda kuzikwa?"

"Ni vazi la heshima, dada."

"Heshima ya nani? Hiyo sanda, usinidanganye. Mzigo wangu unaondoka kesho bandari ya Nansha, usije ukanitilia nuksi kontena." Akamgeukia mwenye duka. "Laoban! Tai gui le!" Yaani bosi, ghali mno. Akanirudia mimi. "Mwambie huyu bosi bei yake ndiyo itakayoniua, si bafta yako."

Tulicheka. Nikamwambia yeye mtu wa mlimani atajua nini mambo ya pwani.

Jumamosi ilianza na manyunyu. Nilivaa kabisa bwenini, nikajitanda, nikapanda basi. Watu wakanipisha. Kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu safari nzima, na mama mmoja aliyekuwa amesimama na vikapu alikitazama, akanitazama, akabaki amesimama. Nilizoea. Kuna siku walinipisha hivyo hivyo nikiwa nimevaa sweta. Nikakaza macho dirishani.

Kichochoro kilikuwa kimejaa. Majirani, wanafunzi, watu waliofuata matangazo, waandishi na kamera zao chini ya miavuli. Nilipotokea kwenye kona sauti zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Nikadhani wamependezwa, nikajinyoosha. Mungu anisamehe, nikatembea kwa madaha. Watu wakajitenga huku na huku mpaka mlangoni, na pale nikasimama chini ya ile herufi nyekundu, bafta imelowa kidogo na kuning'ang'ania kichwani. Popo alikuwa upande wa ndani, amevaa koti la hariri la mama mkwe wake. Akaniona. Akakaa chini palepale kizingitini, akajishika magoti, akalia kwa sauti.

Kamera zikaanza kulia ch-ch-ch.

Binti wa historia alinifikia akiwa amepauka. "Nani kafariki?" akaniuliza kwanza, maana hata yeye hakuwa na hakika. Nilipomwambia hakuna, alifumba macho. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba kwao nguo nyeupe isiyo na rangi yoyote, na kitambaa cheupe kichwani, ndiyo anayovaa mtoto akimzika mzazi. Mtu aliyevaa hivyo haingii nyumba ya mwenzake. Nilikuwa nimekuja kuililia nyumba ya Popo mbele ya Popo mwenyewe, kabla haijafa.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kuvuta mtandio, na Popo akainuka. Hakunigombeza. Aliingia ndani akarudi na peremende moja, akanitilia mdomoni kwa vidole vyake, akangoja niimung'unye yote, kama wafanyavyo kwa watu waliotoka mazikoni ili uchungu usiwafuate. Baadaye akanivika koti lake la kazi juu ya bafta, akanifunga vifungo mpaka shingoni. Lilikuwa la pamba nzito, la buluu iliyokoza kabisa. Nilikaa nalo siku nzima nikiwamiminia wageni chai, na sikuwa na uso wa kulikataa.

Picha ikatoka gazetini. Mimi mlangoni, herufi juu ya kichwa changu, Popo chini analia. Maneno ya chini yalisema mwanafunzi kutoka Afrika alikuja kuomboleza nyumba ya kale ambayo wenyeji wameisahau. Binti wa historia alinisomea mara kadhaa, naona kwa sababu hakuamini. Mimi niliona aibu tupu. Watu wa Guangzhou, kumbe, nao walikuwa wameona aibu, ila yao ilikuwa ya namna nyingine. Walianza kuja. Wazee waliozaliwa mitaa ile na kuhamishwa, wachoraji, walimu na wanafunzi wao. Wakaandika barua. Mkubwa fulani akaja na msafara, akapiga picha na Popo, na wiki chache baadaye kijana mwenye brashi akaifuta ile herufi kwa rangi ya kijivu.

Usiku ule tulikula bata. Popo alikunywa mvinyo wa mchele akaimba, sauti mbovu kabisa, na akamwambia marehemu mumewe pale kwenye rafu kwamba mtoto mweusi mjinga ameiponya nyumba. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba katika miaka yangu yote kule sijafurahi vile tena.

Kisha wakaja wapimaji. Mwanamke mmoja wa ofisi inayohusika, mpole, amebeba kompyuta ya mapajani, aliketi jikoni akanywa chai ya Popo, akatueleza. Nyumba imekuwa urithi wa mji. Urithi haukaliwi. Kuna hatari ya moto, kuna mbao za kale, kuna mafuta ya kupikia yanayopanda darini. Popo atapewa fleti mpya, bora kuliko hii, yenye lifti.

Binti wa historia alibishana naye mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilisema kwa Kichina changu cha kuokoteza kwamba tuliipigania nyumba kwa ajili ya huyu mama. Yule mwanamke alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mei banfa," akasema. Ndilo neno lao la hakuna jinsi.

Popo aliuliza swali moja tu: kama ingebomolewa, angehamia wapi? Akajibiwa ni majengo yale yale, pengine ghorofa ile ile. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuosha vikombe.

Tulimhamisha wenyewe. Nilibeba sufuria na rafu ya mumewe iliyofungwa kwa blanketi. Kule juu kulikuwa na dirisha kubwa, na nje ya dirisha majengo mengine kama hilo, na winchi. Jiko lilikuwa la umeme na Popo hakuligusa. Alikaa ukingoni mwa kitanda huku amevaa viatu. Nilipokuwa nikiondoka alinishika mkono kuupima kama kawaida yake, ila hakusema chochote kuhusu nyama. Kwenye lifti nililia, mtu mmoja akanipa tishu.

Nyumba ilipofunguliwa kuwa makumbusho, watu wa ile ofisi waliwaomba wanafunzi wale wale wa kujitolea, na nilikubali. Sijui kwa nini. Labda sikuwa na pengine pa kwenda Jumapili. Nilishona tena, mara hii kwa kitambaa walichotupatia wao, na nikapangiwa jikoni. Walikuwa wameweka kamba nyekundu mlangoni mwa jiko. Mekoni kulikuwa na samaki wa plastiki kwenye sahani. Kazi yangu ilikuwa kueleza na kuzuia watu wasivuke.

Popo alikuja peke yake kwa mabasi mawili. Alikuwa amekonda. Alisimama kwenye kundi la watalii kutoka mikoani, mfupi kuliko wote, na mimi nilikuwa katikati ya kueleza habari za chai. Aliiinua kamba, akapita chini yake, akaketi kwenye kigoda kando ya meko. Akaanza kufuta vumbi kifuniko cha sufuria kwa ncha ya mkono wa koti lake.

Watalii wakanigeukia. Mlinzi naye akachungulia kutoka uani. Ilinibidi niseme jambo kabla hajafika, nikasema lililokuja mdomoni: kwamba huyu ni mwenzetu wa kujitolea, anaigiza mwenye nyumba.

Wakafurahi mno. Wakapiga makofi, wakapiga picha. Mlinzi akarudi uani. Mama mmoja akajinyoosha juu ya kamba akalishika koti la Popo begani, lile lake la kila siku, la pamba, lenye viraka viwili, akamsifu kwa jinsi alivyolishona likafanana kabisa na la zamani. Popo akanitazama. Kisha akamshukuru yule mama, akajiweka sawa kwenye kigoda, na kila kundi lililoingia mchana ule lilimkuta hapo na mimi nikarudia maneno yale yale.

Saa kumi na moja jioni kengele ya kufunga ilipigwa, na ilikuwa kazi yangu kuwatoa wote.